Kuongoza waigizaji wa sauti kwenye katuni na gemu: sauti nzuri si kigezo

Mkuu, umeuliza kama sauti yako nzito ya utangazaji inatosha kukuingiza kwenye kazi ya kuongoza waigizaji wa sauti. Nipo kwenye kazi hii hapa Dar kwa miaka kadhaa, zaidi kwenye katuni za watoto zinazoingizwa Kiswahili na gemu chache. Sauti yako haitakusaidia sana. Anayekulipa ananunua sikio lako, na namna unavyoongea na mtu aliyefungiwa peke yake chumbani na maiki.

Kwenye katuni, angalau mwigizaji anaona picha. Kwenye gemu mara nyingi anapewa jedwali la mistari tu. Anakuta "Wanakuja!", hana picha, hana mwenzake wa kumjibu. Kazi yako inaanzia hapo. Wanaokuja ni akina nani? Wako umbali gani? Anamnong'oneza aliyejificha naye nyuma ya ukuta, au anamwita mtu ng'ambo ya mto? Mpe hayo, kisha nyamaza aigize. Usimsomee mstari ili akuige. Hili nalishikilia kuliko yote, kwa sababu waigizaji wakianza kukuiga, wahusika wote watatoka na mwendo mmoja wa maneno, na mchezaji atachoka bila kujua kinachomchosha.

Waigizaji wetu wengi wametokea kwenye maigizo ya redio na jukwaani, na ni hazina. Ila wamezoea kuirusha sauti iwafikie wengi. Mimi huwaambia wamchague mtu mmoja wanayemfahamu na waongee naye yeye tu. Utashangaa jinsi sauti inavyoshuka na kuwa ya kweli.

Mayowe yaache mwisho wa siku. Gemu za mapigano zinataka sauti za kupigwa, kuanguka, kuungua, kukata roho. Ukianza nazo asubuhi, mazungumzo ya mchana yatatoka yamekwaruza na hayataungana na ya jana. Huko Marekani, kuumia koo kwa namna hii kulikuwa miongoni mwa madai ya mgomo wa waigizaji wa gemu wa chama cha SAG-AFTRA, ulioanza Oktoba 2016 na kwenda karibu mwaka mzima. Mwigizaji akisema koo linamuuma, simamisha kazi, hata kama mteja anasikiliza mtandaoni.

Sauti za wavulana wadogo, usiogope kumpa mwanamke mtu mzima. Bart, yule mvulana wa katuni ya Kimarekani The Simpsons, sauti yake ni ya Nancy Cartwright, na Goku wa katuni ya Kijapani Dragon Ball ameigizwa kwa Kijapani na Masako Nozawa tangu 1986. Mtoto halisi ana utamu wake, lakini sauti itavunjika tamthilia ikiwa katikati.

Jambo linaloniuma ni wateja wanaotaka kila mhusika aongee kama msoma taarifa ya habari. Bibi wa Pemba, dereva wa bodaboda wa Mbagala na mwanafunzi wa Nairobi hawaongei sawa, na watoto wanalijua hilo. Pigania lafudhi mapema, wakati wa kuchagua waigizaji, kwa sababu mkishaanza kurekodi hakuna atakayekusikiliza.

Kabla mtu hajaingia chumbani, someni naye mkataba. Mgomo mwingine wa waigizaji haohao wa SAG-AFTRA, ulioanza Julai 2024, ulihusu hasa akili mnemba kunakili sauti zao. Mkikuta maneno kama "kwa matumizi yote", ombeni iandikwe kwamba rekodi ni za kazi hiyo pekee. Usikubali watu wako waingizwe mkenge.

Kwa kuanzia huhitaji studio. Chukua kipande cha katuni, zima sauti, andika mazungumzo yako ya Kiswahili yanayotosha muda wa mdomo, na midomo ikifungana tafuta silabi yenye m, b au p. Kisha ita marafiki wawili, rekodi kwa simu, na wewe usitamke mstari hata mmoja. Waelekeze tu. Ukipata kitu, kiweke hapa nikisikilize.