Si kila cheusi ni makaa

Wadogo zangu mnaokuja kuanza kazi saiti za makaa ya mawe huku Ruvuma, na wale wa Ludewa na Kiwira pia, ngoja niwape haya kabla hamjaharibu karatasi za watu kama nilivyoharibu mimi. Kwanza zoeeni lugha, huku tunasema "kulogi kori", yaani kuandika mita kwa mita mwamba wa aina gani umetoka kwenye kori, ile nguzo ya mwamba inayotolewa na drila, mchimba shimo, sasa usije ukampigia mama simu ukamwambia leo nimeloga mashimo mawili. Wangu alinyamaza kidogo af akauliza, umemloga nani?

Mwezi wa kwanza niliandika mita 3 na nusu za makaa kwenye shimo moja nikazunguka saiti nzima kifua mbele. Bosi akaja, hakusema kitu, akatoa vipande viwili kwenye boksi akaniwekea kila mkono kimoja. Cha kulia chepesi, kinang'aa, ukikibana kinapasuka vipande vidogo vya pembe pembe. Cha kushoto kizito, kimefubaa, ukikikwaruza na msumari kinatoa unga wa kijivu. Vyote vyeusi tii! Karibu nusu ya "makaa" yangu ilikuwa tope lililogeuka mwamba, lina kaboni kidogo tu ya kulitia rangi. Makaa yana gramu 1.3 mpaka 1.5 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, tope mwamba mara nyingi linapita 2, yaani mkono wako unajua kabla ya macho. Na usilogi kori ikiwa imelowa, ikilowa yote inafanana, subiri ikauke juu kidogo ila makaa yenyewe yafunge kwenye mfuko haraka maana unyevu ukitoka, lab watakupa majibu ya kitu kingine.

Halafu kori iliyopotea. Drila kachimba mita 3, kwenye boksi kuna mita 2.2, wageni wengi wanavuta vipande vijaze nafasi, jamani msifanye hivyo, makaa ni laini ndo ya kwanza kusagika na kuondoka na maji, kwa hiyo pale palipopotea huenda ndo penyewe. Muulize drila, tena kwa heshima, bomba lilishuka ghafla mita ya ngapi na maji yalibadilika rangi saa ngapi, yule mzee hana digrii ila anausikia mwamba kwa miguu. Baadaye linganisha na sondi, kile kifaa cha kupimia kinachoshushwa shimoni, penye makaa densiti (uzito kwa ujazo) inaanguka na gama (mionzi ya asili ya mwamba) nayo inashuka, penye tope jeusi gama inapanda.

Mpangilio wa matabaka nao jifunzeni mapema, kusoma kwa kukariri hakusaidii. Bonde la Ruhuhu, la huku Ruvuma na Ludewa, ni miamba ya Karoo, kundi la matabaka ya zamani ya tope, mchanga na makaa, chini kabisa kuna tabaka linaloitwa Idusi, mawe ya kila aina yamechanganyika kwenye tope kwa sababu yaliletwa na barafu, ndio, barafu, huku kwetu! Juu yake Mchuchuma yenye makaa, af Mbuyura yenye mchanga mwingi, af Mhukuru ambako makaa yanarudi tena. Ni mambo ya zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, vinamasi na mito inayohama hama. Ukipasua tope mwamba taratibu unaweza kukuta jani la Glossopteris lina umbo la ulimi, mmea uleule wanaoupata India na Australia. Mimi la kwanza nililivunja kwa pupa.

Kwa kuwa mito ilihama, usishangae tabaka kuwa na mita 2 hapa na kwenye shimo la jirani limeliwa na mchanga. Ila kuna kingine, folti, yaani mahali mwamba umekatika ukasogea. Shimo la jirani makaa yalitoka mita 90 hivi, letu tumefika 96 hamna kitu, nikamwambia drila tusimamishe, makaa yameisha. Na kwenye kori ya juu nilishaona vipande vimesuguliwa vinateleza kama kioo vina mikwaruzo inayoelekea njia moja, dalili kwamba mwamba ulitembea karibu hapo, nikaviandika tu nikapita. Bosi akasema endelea. Yakatoka mita 131, tabaka limeshushwa tu. Drila mpaka leo tukikutana kantini anaweka sahani chini kwanza, anauliza: vipi mtaalamu, tusimamishe?