Barua kwa mwanangu: nusu ya maji ni ya kurudi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mlangoni, viatu vya kukimbilia vikiwa mkononi na vumbi bado halijakung'utwa. Umeuliza: "Baba, utaacha lini kukimbia jangwani wakati wa kiangazi? Miaka 67 haitoshi?" Kisha chini kabisa, kama mtu anayetaja jambo dogo, ukaongeza kwamba Julai utachukua likizo ya siku nne uje tukimbie pamoja njia ya bondeni, mpaka kwenye matao ya mawe.

Hilo la pili nitalifikia. Kuhusu la kwanza, wewe umeuliza umri, na umri sina jibu lake. Jibu nililo nalo ni la saa.

Kiangazi naamka saa tisa usiku. Saa kumi niko njiani na taa ya kichwani, naangaza chini zaidi kuliko mbele, maana nyoka nao wakati wa joto hutembea usiku. Saa kumi na mbili na nusu nageuka, popote nilipo. Kilele kikiwa hatua mia mbele, nageuka. Saa mbili asubuhi nimeshavua viatu. Watu wengi huogopa adhuhuri, jua linapokuwa utosini, lakini hewa huwa kali zaidi baadaye, saa tisa alasiri mpaka saa kumi na moja. Na ardhi ina joto lake mbali na hewa. Hewa ikiwa nyuzi 42, mchanga ulioanikwa juani unaweza kupita nyuzi 60, na mkimbiaji anapokea kutoka juu na kutoka chini. Magenge ya mawe yanaendelea kutoa joto hata jua likishazama, ndiyo maana sikimbii jioni. Niliwahi kujaribu, nawe unakumbuka nilivyorudi.

Nusu ya maji ni ya kurudi. Neno hilo umelisikia tangu ukiwa mdogo na kile kichupa chako cha bluu, ulichokuwa unakimaliza kabla hatujafika kwenye mti wa kwanza. Siku hizi nabishana nalo mwenyewe. Nusu haitoshi. Kwenda ni gizani, kurudi ni juani. Kwenda miguu ni mipya, kurudi imechoka. Ukipiga hesabu ya kweli, theluthi moja ni ya kwenda na theluthi mbili ni za kurudi. Lakini theluthi hazikai mdomoni, na mtu aliyechoka hapigi hesabu za theluthi. Basi nasema nusu, na moyoni naweka zaidi.

Umri unabadilisha nini? Hili nitakueleza vizuri, maana naona ndilo linalokutisha. Mwili hujipoza kwa njia mbili: damu hukimbilia kwenye ngozi kupeleka joto nje, na jasho hukauka likiondoka na joto hilo. Mzee anapungukiwa na zote mbili. Ngozi yake haipokei damu kwa wepesi wa zamani, na kila tezi ya jasho inatoa kidogo kuliko ilivyotoa ujanani. Baya zaidi ni kiu. Kiu ya mzee huchelewa. Nilipokuwa na miaka 30 koo liliniambia mapema; sasa nikingoja koo liseme, nimeshachelewa. Kwa hiyo nakunywa kwa mpango, mafunda machache kila baada ya muda, na chumvi kidogo ndani yake. Ila silazimishi maji tumboni. Mkimbiaji anayekunywa kupita kiasi huzimua chumvi ya damu, ubongo ukavimba, na hilo nalo limeua watu waliodhani wanajikinga. Vidonge vya maumivu vya jamii ya ibuprofeni sivigusi kabla ya kukimbia kwenye joto, kwa sababu figo zenye upungufu wa maji hazihitaji mzigo mwingine. Na ile dawa ya presha inayoongeza mkojo nilimpelekea daktari tukaizungumza, nikamwambia bila kuficha ninachokifanya alfajiri.

Nadhani sasa unasema: Baba, umejijibu mwenyewe, acha. Subiri.

Kuna siku sijawahi kukusimulia yote. Wewe unaijua kama "ile siku Baba alichelewa", maana ndivyo tulivyowaambia ninyi wanne kwenye simu. Nilikuwa na miaka 58, mwezi Julai. Mama yako alinipeleka kwa gari mpaka mwanzo wa njia, akabaki na kitabu chake na mwavuli. Nilimwahidi saa tatu asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa chini ya genge la mwisho, na ilinipasa kugeuka. Sikugeuka. Miaka kumi kabla ya hapo nilikuwa nimefika kule juu kwa muda ambao niliuandika kwenye daftari, na saa ya mkononi ilinionyesha kwamba naweza kuukaribia. Nilipanda. Nilifika juu nikiwa nimekunywa maji ya kurudi.

Kushuka nakukumbuka vipande vipande. Nakumbuka vinyweleo vilinisimama kama mtu aliyepigwa na baridi, nikafurahi, nikadhani hewa imepoa. Nakumbuka kamba ya kiatu ilifunguka na vidole havikujua namna ya kuifunga. Watu husema ngoja uone jasho limekata ndipo ujue hatari. Langu halikukata. Kwenye hewa kavu jasho hupotea kabla hujaliona, na shati langu lilikuwa limechorwa chumvi nyeupe kuanzia kifuani hadi mgongoni. Kilichotangulia kuondoka kilikuwa akili. Niliketi kwenye kivuli cha jiwe na kiatu kimoja mkononi, nikaona pale panafaa kukaa.

Saa tatu ilipita. Mama yako hakungoja saa nne. Yeye ambaye sote tulizoea kumwita mtu wa kukaa garini alifunga kitabu, akachukua dumu la lita tano na mwavuli, akaingia bondeni kwa viatu vya wazi. Alitembea karibu saa nzima. Aliponiona hakunipa maji ya kunywa kwanza. Alinivua shati, akaanza kunimwagia kichwani, shingoni, kwapani, akanipepea kwa kile kitabu, akamwaga tena. Nami nilimfokea. Nilimwambia, kwa maneno yaleyale ambayo sijayasahau: "Unamwaga maji yangu, mjinga wewe."

Hakunijibu. Aliendelea kumwaga.

Halafu akaniuliza, "Watoto wetu wangapi?" Nikasema watatu, nikawataja. Usiniulize nilimwacha nani.

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza sana, na kila ninachokipata kinasema mama yako alifanya sawasawa. Mtu ambaye joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40 na akili imeanza kupotea, huyo kiharusi cha joto kimemwingia, na kinachookoa ubongo na viungo ni kupozwa haraka, palepale, kabla ya kubebwa kwenda popote. Bora zaidi ni kumzamisha kwenye maji baridi. Pasipo na maji ya kumzamisha, mwagia na pepea, kwani hewa kavu itafanya kazi yake. Kumlazimisha anywe wakati hajitambui ni kumpalia. Mama yako hakuwa amesoma hayo mahali popote. Aliniambia baadaye kwamba aliona ngozi yangu ikiwaka, akafanya kama alivyokuwa akiwafanyia ninyi mlipokuwa na homa.

Ndiyo maana sasa, kila baada ya dakika ishirini, natamka kwa sauti majina yenu wanne na miaka mliyozaliwa. Nikijikwaa kwenye jina au kwenye mwaka, naketi kivulini na kujimwagia maji ya kichwa, ambayo nayabeba kwenye chupa yake mbali na ya kunywa. Ukinisikia njiani utadhani naomba dua. Pengine ni dua.

Lakini mbona sikuacha siku ile? Hapo ndipo ninaposhindana na nafsi yangu. Kwa miaka mingi nimembeba Jack Denness, yule Mwingereza aliyemaliza mbio za Badwater mwaka 2010 akiwa na miaka 75: kilomita 217, mwezi Julai, kuanzia bonde la Death Valley kule Marekani, mita 85 chini ya usawa wa bahari, mpaka kwenye miteremko ya mlima Whitney. Kila mtu akinitajia umri, namtaja yeye. Ila nikitulia najua hoja yangu ina tundu. Mbio zile ni za barabara ya lami, na kila mkimbiaji anafuatwa na gari la watu wake lenye maji na barafu. Mimi niko kwenye njia ya mawe, peke yangu, na gari langu lilikuwa mama yako mwenye viatu vya wazi. Hata Al Arnold, aliyekuwa wa kwanza kuikimbia njia ile mwaka 1977, alishindwa kwenye majaribio ya awali, akarudi nyumbani kujiandaa upya. Ninachokipenda kwake ni huko kurudi nyumbani.

Mama yako naye ana wa kwake wa kumtaja: Mauro Prosperi, Mwitaliano aliyepotea kwenye mbio za jangwani za Marathon des Sables kule Moroko mwaka 1994. Dhoruba ya mchanga ilivuma, yeye akaendelea kukimbia ili asipoteze nafasi, na ilipotulia hakuiona njia tena. Siku nyingi baadaye alitokea Algeria, akiwa hai kwa shida. Huwa nampinga, namwambia mimi njia zangu nazijua jiwe kwa jiwe. Anasema, "Na siku ile hukuzijua?"

Siendi tena peke yangu, hilo nakuthibitishia. Nina mwenzangu, na siku asipokuja naishia kwenye mti wa kwanza na kurudi. Siangalii tena kasi. Kwenye joto moyo hupiga haraka zaidi kwa mwendo uleule, kwa sababu unagawa damu kati ya misuli na ngozi, basi nafuata moyo na kuiacha saa. Milima naitembea. Na nikwambie jambo ambalo vijana hawaliamini: sijawahi kulifurahia jangwa kama ninavyolifurahia tangu nilipoanza kulitembea nusu yake. Kuna dakika chache kabla ya jua kutoka ambapo mawe yana rangi ya zambarau na hewa imetulia kabisa, na wewe umeshalowa, moyo umeshapata mdundo wake, na hakuna mahali kwenye mwili panapolalamika. Hiyo ndiyo sababu ya saa tisa usiku. Nusu ya maji ni ya kurudi, na mimi narudi ili kesho kutwa niione tena.

Sasa Julai yako.

Una miaka 41, una nguvu, na unatoka kwenye baridi. Mwili unahitaji siku kumi mpaka kumi na nne za kukimbia kwenye joto ndipo uzoee: damu iongezeke maji, jasho lianze mapema na lipunguze chumvi, moyo utulie. Wewe unakuja kwa siku nne. Nimeandika sentensi moja hapa, nikaikata. Nimeandika nyingine, nayo nimeikata. Ulipokuwa na miaka 17 nilikukataza ile mbio ya milimani, ukaenda, ukarudi salama, na tulikaa miezi bila kuzungumza vizuri. Sitaki kurudi pale. Kwa hiyo sisemi usije kukimbia. Nasema tu kwamba ukiongeza likizo iwe wiki mbili, siku za kwanza tutatembea dakika arobaini alfajiri, na kila siku tutaongeza kidogo. Au hukohuko, kuanzia mwezi mmoja kabla, maliza mazoezi yako kwa maji ya moto ya kuoga au chumba cha mvuke, mwili upate habari mapema. Au njoo Novemba, matao yatakuwa yanakungoja. Unaona? Nimekaribia kusema. Uamuzi ni wako, na ukifika kwa siku nne nitakuamsha saa tisa usiku bila neno.

Mama yako amepita akauliza kama nimekuandikia habari ya mwavuli. Nimemwambia ndiyo. Akauliza kama nimeandika na nilichomwambia siku ile. Miaka tisa, na ni leo tu amekitaja. Nimempa kurasa za mwanzo asome mwenyewe. Ameketi dirishani nazo, na taa ya mezani amekwenda nayo, kwa hiyo mistari hii ya mwisho naiandika gizani. Bado anasoma.

Baba yako