Dawa ya tezi dume na upasuaji wa mtoto wa jicho

SWALI: Baba yangu, mwenye umri wa miaka 71, anatarajia kupasuliwa mtoto wa jicho. Daktari alipoona vidonge vyake vya tezi dume, tamsulosini, aliandika jambo kwenye faili kwa wino mwekundu. Je, baba aache dawa? Msomaji, Tanga.

JIBU: Namshukuru daktari huyo kwa kuvitazama vidonge. Tamsulosini hulegeza misuli ya njia ya mkojo, lakini hulegeza pia kile kiwambo cha rangi kinachozunguka mboni, tatizo ambalo madaktari walilieleza mwaka 2005. Wakati wa upasuaji kiwambo hicho hupepea kama pazia, hutokeza kwenye mkato, na mboni husinyaa wakati daktari anaihitaji iwe pana.

Baba asiache dawa kwa uamuzi wake, kwani kuiacha hakuondoi hatari hiyo, na mkojo unaweza kuziba. Daktari anayejua mapema hujiandaa kwa dawa ya kupanua mboni au kulabu ndogo za kuishikilia.

Akisharudi nyumbani, maumivu yakizidi, jicho likiwa jekundu au uoni ukififia, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa usiku.