Maswali na Majibu: Si Kila Kilichoharibika ni Tabianchi

Siku hizi Mombasa tabianchi imekuwa punda wa kila mzigo. Kisima kikiingia chumvi, ni tabianchi. Mtaro ukifurika, ni tabianchi. Mikoko ikifa, ni tabianchi. Joto la dunia ni kweli, na chanzo chake kinajulikana: makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa, pamoja na misitu inayofyekwa. Kabla ya zama za viwanda, hewa ilikuwa na chembe 280 hivi za kaboni dayoksaidi katika kila milioni. Leo zimepita 420. Lakini yapo mambo ya dunia na yapo ya kwetu, na anayeyachanganya hatengenezi hata moja. Maswali yafuatayo kila moja lina jina la mtaa lilikotoka.

Changamwe: Je, joto limezidi kwa sababu tabaka la ozoni limetoboka?

La. Ozoni huzuia miale ya jua inayounguza ngozi. Joto linaongezeka kwa sababu ya gesi zinazozuia joto la ardhi lisitoke kwenda angani. Swali hili limejibiwa mpaka wino umekauka. Pahali ambapo mambo haya mawili hukutana ni kwenye jibu linalofuata.

Bamburi: Eisi yangu ya kupoza chumba, itumiayo gesi ya R22, hujazwa gesi kila mwaka kabla ya kaskazi. Fundi ataka kuweka gesi nyingine, R290, asema haina madhara kwa dunia. Nikubali?

Usikubali, na huyo fundi muulize kwanza gesi ya mwaka jana imekwenda wapi. Gesi ya eisi haitumiki ikaisha kama petroli. Huzunguka ndani ya mirija iliyofungwa, na mashine nzima yaweza kumaliza miaka kumi bila kuongezwa. Ukijaziwa kila mwaka, mashine inavuja. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi, mashine hajaigusa.

Huku pwani tundu huwa mara nyingi pahali pawili. Kwanza ni kwenye nati za kuunganishia mirija, pale ncha ya shaba ilipotanuliwa ikapasuka au ikaenda upande. Pili ni koili ya nje, ambako chumvi ya upepo hula mapezi ya alumini kisha ikaingia kwenye shaba. Koili hiyo yataka kuoshwa kwa maji matamu kila mwezi, mashine ikiwa imezimwa.

Kazi inayostahili kulipiwa huenda hivi. Gesi iliyobaki hunyonywa ikaingizwa mtungini, haiachiliwi hewani. Huingizwa naitrojeni kavu kwa shinikizo lisilozidi lililoandikwa kwenye kibao cha mashine, nati zote zikapakwa povu la sabuni, na geji ikatazamwa angalau saa nzima. Oksijeni haitumiki kabisa: ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo, hulipuka. Tundu likishazibwa, hewa na unyevu huvutwa kwa pampu ya vakyumu, halafu gesi hupimwa kwa mizani, kwa gramu. Fundi anayejaza kwa kugusa mrija aone kama umepoa anabahatisha.

Sasa hesabu ya joto. Kilo moja ya R22 ikivuja, katika miaka 100 hupasha dunia sawa na kilo 1,810 za kaboni dayoksaidi. R410A, iliyokuja baada yake, ni 2,088. Eisi ya chumba kimoja hubeba karibu kilo moja. Lita ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 hivi, kwa hiyo kuachilia kilo ya R410A ni kama kuchoma lita 900 za petroli kwa dakika chache. R22 hula ozoni pia, ndiyo maana ikawekwa kwenye orodha ya kuondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. R410A haigusi ozoni; kosa lake ni joto, na kwa ajili ya gesi za namna yake likaja Rekebisho la Kigali la mkataba huo mwaka 2016.

R290 ni propani, jamaa ya gesi ya jikoni. Madhara yake kwa tabianchi ni madogo mno, hapo fundi hakusema uongo. Lakini inawaka. Mashine ya R22 ina swichi na viungo visivyokingwa dhidi ya cheche, na tundu lililopitisha R22 litapitisha propani, usiku, chumbani mwenu mlimolala mkafunga madirisha. Ukiitaka R290, nunua mashine iliyoundwa kwa R290.

Tudor: Kenya inachangia kiasi gani?

Chini ya asilimia 0.1 ya kaboni dayoksaidi ya dunia itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Si ruhusa ya kukata mikoko.

Kisauni: Kisima chetu kilikuwa kitamu tangu enzi za wazee. Sasa maji ni ya chumvi. Bahari imepanda? Tukichimbe zaidi?

Bi mkubwa, msikichimbe. Chini yenu ni jiwe la matumbawe, limejaa vitundu kama sponji. Maji ya mvua yamekaa humo juu ya maji ya bahari, yakielea kwa wepesi wake. Kanuni ya kukadiria ni hii: kila sentimita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia sentimita 40 hivi chini yake. Mkiyashusha kwa sentimita 10 na yakabaki hapo, chumvi yaweza kupanda hadi mita 4. Kila futi mnayoongeza kuchimba inawapeleka kuilaki.

Bahari ya dunia imepanda sentimita 20 na ushei tangu mwaka 1900. Pampu yenye nguvu yaweza kushusha maji ya kisima kiasi hicho kwa asubuhi moja. Na nyumba za kupangisha zimeota kila upande, kila moja na pampu yake, huku ua ukisakafiwa ukuta kwa ukuta mvua isipate pa kuingilia. Mshitakiwa wa kwanza ni huyo.

Pandisheni mdomo wa pampu ukae karibu na uso wa maji, si chini kabisa. Tumieni pampu ndogo, mkivuta kwa vipindi vifupi na mapumziko ya saa kadhaa. Nunueni kipima chumvi kidogo cha mkononi, mpime wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na wakati wa maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, mwandike. Ikipita miligramu 1,000 kwa lita, maji hayo yawe ya kufulia na kudekia. Kuchemsha huua vijidudu, chumvi huizidisha.

Ya kunywa yavunwe juu. Mombasa hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Paa la mita mraba 50, hata ukitoa moja ya tano inayopotea, ni lita 40,000. Lita 25 za mwanzo za kila mvua zimwagwe, kwani zimebeba vumbi na vinyesi vya kunguru. Tangi lifunikwe na tundu la hewa liwekwe wavu, la sivyo mtafuga mbu.

Nyali: Ni mwaka gani kisiwa cha Mombasa kitazama?

Hakuna mwaka huo. Bahari haiji kama mgeni aliyepiga simu. Hupanda kwa sababu maji yakipata joto hutanuka, na kwa sababu barafu iliyo juu ya nchi kavu, kama ya Greenland na Antaktika, inayeyuka. Mwendo wa sasa ni zaidi ya milimita 4 kwa mwaka. Hapa kwetu maji hupwa na kujaa kwa karibu mita 4 siku za bamvua kubwa, hivyo sentimita 20 huonekana kama mzaha. Ila hizo sentimita hukaa juu ya lile bamvua kubwa, na likikutana na mawimbi ya kusi, ndipo ukuta huanguka.

Na kuta zenyewe! Ukuta uliosimama wima ufukweni hurudisha wimbi likiwa na nguvu zake. Wimbi huchota mchanga mguuni pa ukuta na pembezoni. Unajikinga wewe, unamla jirani. Kabla ya kununua kiwanja, tafuta alama ya takataka iliyoachwa na bamvua la Machi au Septemba, upime ilipo na msingi wako utakapokuwa.

Mikindani: Kikundi chetu kilipanda mikoko 2,000 kwenye tope tupu. Baada ya miezi saba imebaki michache. Ni joto?

Si joto. Mlipanda pahali pasipo pake. Tope lile liko tupu kwa sababu: liko chini mno, miche hushinda majini kupita inavyostahimili, mawimbi huitikisa na vidudu vya magamba huganda kwenye mashina mpaka yainame. Wafadhili hulipenda kwa kuwa ni wazi, ni karibu na barabara, na picha hutoka vizuri.

Chukueni mrija wa maji anaotumia fundi mwashi kusawazishia msingi. Linganisheni kimo cha mnapotaka kupanda na kimo cha mahali ambapo mikoko ya aina hiyo imejiotea yenyewe na ina afya. Mkiwa chini zaidi, ondokeni. Katika aina za mikoko, mlilana hustahimili kutangulia baharini. Aina iitwayo mkoko wenyewe hufuata nyuma yake. Mkandaa hukaa juu, kuelekea nchi kavu. Kuupanda mkandaa mbele ni kuuzamisha.

Mbegu za mkoko zichukuliwe zilizokomaa, zenye pete ya manjano shingoni. Zenye matundu ya wadudu zitupwe. Ncha ichomekwe chini, thuluthi moja ndani ya tope, mita moja kutoka mche hadi mche. Mche wa kitalu uvuliwe karatasi ya plastiki kabla haujaingia ardhini. Mara ngapi umeng'olewa mche uliokufa na karatasi yake! Hesabuni mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, mwandike iliyokufa.

Mara nyingine hakuna haja ya kupanda. Ikiwa tuta au kifusi kimezuia maji kuingia, fungueni mkondo na mbegu zitakuja zenyewe. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta udongo mwingi kwenye hori ya Mwache, ukafunika mizizi ya kupumulia na miti mikubwa ikakauka. Udongo ule ulitoka mashambani juu, kwenye miteremko isiyo na miti.

Kaboni nyingi ya mikoko imo topeni, imejikusanya kwa karne nyingi. Mradi wa Mikoko Pamoja wa kijiji cha Gazi, kusini mwa Mombasa, ulioanza 2013 na huuza hati za kaboni inayohifadhiwa, msingi wake ni kulinda msitu uliosimama. Anayekata ekari moja ya miti mizee kisha akaonyesha miche elfu mbili kwenye tope hajalipa deni.

Jomvu: Mafuriko ya Novemba 2023 yalikuwa ya tabianchi?

Mvua ililetwa na El Niño pamoja na joto la upande wetu wa Bahari ya Hindi, na hewa ikizidi joto kwa nyuzi moja hubeba asilimia 7 zaidi ya mvuke. Maji yaliyoingia sebuleni yaliletwa na mtaro uliojaa chupa na nyumba iliyojengwa juu ya njia ya maji.

Likoni: Matumbawe yamekuwa meupe. Yamekufa? Twaweza kuyavunja?

Bado, na msiyaguse. Tumbawe hupata rangi na chakula kutoka kwa mimea midogo iishiyo ndani yake. Joto la maji likizidi nyuzi moja juu ya kilele cha kawaida kwa majuma kadhaa, tumbawe huitoa mimea hiyo. Hutokea mwisho wa kaskazi, Machi na Aprili. Mwaka 1998 joto hilo liliangamiza matumbawe mengi ya pwani yetu. Tumbawe likibaki jeupe, lina njaa tu. Likifunikwa na manyoya ya kijani au kahawia, limekufa. Maji yakipoa mapema hupona, likipata nafasi. Kwa majuma hayo msitupe nanga juu yake, msikokote nyavu za juya, na mkinasa pono na tafi warudisheni, kwa kuwa hao ndio samaki wanaokula manyoya hayo yasilifunike.