Simu moja ya sumu, ya mtoto na ya mbuzi

Neno "dawa" kwetu limebebeshwa mzigo mkubwa. Kuna dawa ya kichwa, dawa ya mikorosho, dawa ya panya, dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nyingine hufika nyumbani ndani ya chupa ya maji ya kunywa, kwa kuwa muuzaji alipima kidogo kidogo kwa kifuniko na chupa yenye lebo ikabaki dukani. Kwa hiyo mama akipiga simu kutoka Tandahimba akisema "mwanangu kanywa dawa", anayepokea hajaambiwa kitu bado.

Tunawaandikia wanaoweza kuanzisha huduma ya simu ya ushauri wa sumu, kwa watu na mifugo, Mtwara na Lindi: timu za afya za halmashauri, maofisa mifugo, na vyama vya msingi vinavyogawa pembejeo za korosho. Msisubiri jengo. Huduma ya sumu ni simu isiyokosa mtu, daftari, na kabati lenye dawa zinazotakiwa. Kituo cha kwanza cha Marekani kilianza Chicago mwaka 1953, na nguvu yake ilikuwa kadi za mfamasia zilizoorodhesha bidhaa na sumu zilizomo. Huko cha wanyama kilikuja baadaye, 1978, katika Chuo Kikuu cha Illinois. Wao waliweza kutenganisha. Sisi watu wa kutenganisha hatuna, na hata tungekuwa nao tungewaweka pamoja, kwa sababu mbuzi na mtoto wanacheza kwenye uwanja uleule.

Vipande vingi vipo tayari. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Kusini Mtwara, Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo, na watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele wanavijua viuatilifu vya korosho kuliko mtu yeyote. Kinachokosekana ni namba moja inayowaunganisha.

Iwekeni simu hiyo kwenye chumba cha dharura cha hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, mahali ambapo taa haizimwi. Nunueni simu mbili: ya batani, inayokaa na chaji siku kadhaa, na ya kisasa kwa ajili ya kupokea picha za lebo. Laini ziwe za mitandao mitatu, maana kijiji kinachoshika huu hakishiki ule. Simu iwe mali ya meza. Ikiwa ya mtu, siku akihamishwa huduma imehama naye.

Hesabu ya watu ndiyo inayowaangusha wengi. Wiki ina saa 168. Mtumishi mmoja anafanya saa 40, kwa hiyo mnahitaji zaidi ya wanne hata kabla ya likizo na ugonjwa. Pangeni sita, wauguzi au wafamasia, na daktari wa mifugo wa zamu ambaye simu yake haizimwi usiku. Mkianza na wawili wenye moyo, miezi mitatu baadaye simu itaita bila kupokelewa, na kijiji kikishapiga mara mbili bila jibu hakitapiga tena.

Simu yenyewe iende hivi:

"Mama, mtoto anapumua? Anaitika ukimwita?" Akisema hapana, maswali yanaishia hapo. Anayepumua ila haitiki alazwe ubavu, asiyepumua asaidiwe kupumua, na gari au bodaboda itafutwe wakati bado mnaongea. Akisema ndiyo, endelea: ana umri gani, mzito kiasi gani? Dawa ya nini? Chupa ipo? Ilikuwa imejaa hadi wapi, sasa imebaki hadi wapi? Saa ngapi? Anatoa mate, anatoka jasho, anakohoa? Mmeshampa nini?

Hilo la mwisho lisisahaulike. Kabla simu haijapigwa, mtoto ameshanyweshwa maziwa, yai bichi au mafuta ya kula, au ametiwa kidole kooni. Aliyekunywa mafuta ya taa akitapishwa, yanaingia mapafuni, na mapafu ndiyo yanayomuua, si tumbo. Mkaa wa jikoni uliosagwa si mkaa tiba, ule wa hospitali unaonasa sumu tumboni. Waambie waache vyote, wamvue nguo zilizolowa, wamwoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi, na kama imeingia machoni wasuuze kwa maji safi dakika 15 nzima, wakitazama saa. Chupa waje nayo hospitalini, hata ikiwa tupu.

Usiulize kwa nini amekunywa. Watu wanaogopa polisi, na mwenye hofu anadanganya kuhusu kiasi na saa, vitu viwili ambavyo tiba inavitegemea. Tiba ianze, fomu ya polisi, PF3, ifuate.

Sasa kabati. Viuatilifu vya kundi la oganofosfeti, vinavyotumika dhidi ya wadudu shambani, vinamjaza mgonjwa maji kifuani, mboni zinasinyaa na misuli inachezacheza. Dawa yake ni atropini, na hapa hospitali nyingi hujidanganya kwa kuona boksi moja la ampuli kumi. Mtu mzima huanzishiwa miligramu 2 kwenye mshipa, kisha kila dakika tano kipimo kinaongezwa maradufu hadi kifua kikauke na mapigo yapite 80 kwa dakika. Mboni zisiwe kipimo. Piga hesabu: 2, 4, 8, 16. Ndani ya robo saa zimekwenda miligramu 30, na ampuli zetu ni za miligramu moja. Boksi la kumi limeisha kwenye kipimo cha tatu. Akishatulia anahitaji dripu ya asilimia 10 hadi 20 ya jumla hiyo kila saa, yaani ampuli 3 hadi 6. Mgonjwa mmoja, siku moja, ampuli mia. Ushauri wetu ni 200 mkoani na 50 kila wilaya, na daftari la simu lionyeshe zilipo usiku huo: Newala zimebaki ngapi, Nachingwea ngapi, Liwale ngapi.

Mifugo inakula zaidi. Mbuzi wa kilo 20, kwa nusu miligramu kwa kila kilo, ni miligramu 10. Ng'ombe wa kilo 200 ni 100. Stoo ya mifugo iwe na atropini yake, la sivyo siku moja mtachagua kati ya ng'ombe na mtu.

Salfa nayo isidharauliwe. Msimu wa kupuliza mikorosho ukianza, salfa humwagika pale mashine zinapojaziwa, na mbuzi huilamba pamoja na majani. Tumboni mwake inageuka gesi yenye harufu ya yai viza. Utaisikia kwenye pumzi yake. Baadaye huenda akahara, akatetemeka, akagonga miti kwa upofu. Mwondoeni hapo, na daktari wa mifugo amchome vitamini B1 mapema. Na hapa kuna tabia yetu inayotutia hofu: mbuzi akionekana anakufa anawahiwa kisu asije kuwa kibudu, kisha nyama inagawiwa. Kuchinja hakuondoi sumu. Kila simu ya mnyama imalizike kwa swali, "nyama iko wapi?" Mzoga uzikwe kwa kina, mbwa wasiufukue.

Wapokea simu wajifunze pia sumu zisizouzwa dukani. Pwani yote, Msimbati hadi Kilwa, kuna samaki aitwaye bunju. Sumu yake haifi kwa kupikwa. Ganzi inaanzia midomoni, kisha pumzi inakata. Haina dawa, ila mgonjwa akisaidiwa kupumua hadi sumu iishe mwilini, anaweza kupona. Bara kuna mihogo michungu. Mwaka wa njaa makopa yanaharakishwa, na miguu ya watoto na kina mama hupooza ghafla: konzo. Unga unaotiliwa shaka ulowanishwe, utandazwe usizidi sentimita moja, saa mbili juani au tano kivulini, kisha upikwe siku hiyohiyo.

Daftari liwe moja kwa watu na wanyama: tarehe, kijiji, nani au mnyama gani, sumu, kiasi, tiba, matokeo. Kule Minamata, Japani, paka walikuwa wakirukaruka na kufa kabla ugonjwa wa watu haujatambuliwa rasmi mwaka 1956. Kila Jumatatu mtu mmoja alisome daftari kwa kijiji. Paka wawili, kuku na mtoto wa kitongoji kimoja ndani ya wiki ni sababu ya kupanda pikipiki siku hiyo, pamoja na ofisa mifugo, kukagua stoo na kisima.

Na mara moja kwa mwezi, saa nane usiku, mganga mkuu aipigie namba hiyo kwa simu isiyojulikana, aseme mbwa wake anatoka povu, ahesabu imeita mara ngapi.