Kwa nini niliongelea vitabu vilivyolowa

Mwanangu,

Marahaba. Klipu uliyoiona kwenye kundi la familia ni mimi kweli, na lile shati ni lile ulilonichagulia Makambako. Unauliza: "Baba, bosi wako wa maktaba anaagwa, kila mtu anamsifu, wewe unapewa maiki unaanza habari za vitabu kulowa. Ndiyo nini?" Hata mshereheshaji alishangaa, nilimwona anaangalia saa.

Ya kumsifu wenzangu walikuwa wameyamaliza. Kwamba alisomea ukutubi, yaani kazi ya maktaba, Bagamoyo. Kwamba angeweza kustaafu kwa hiari akiwa na 55, akabaki mpaka 60 ya lazima. Kwamba Oktoba, kidato cha nne wakijaa kuelekea mtihani wao wa Novemba, kiti cha ofisini kwake kilikuwa cha kwanza kutolewa. Mmoja akakumbushia utani wake, kwamba yeye ni mkubwa kuliko Maktaba Kuu ya Taifa: Mwalimu Nyerere alipoifungua tarehe 9 Desemba 1967, yeye alikuwa ameshaanza kutembea. Mimi ningeongeza nini?

Basi nikasema la Februari ile. Zamu ya kufunga ilikuwa yangu. Nilikuwa nawahi daladala ya Kihesa, nikaacha dirisha moja wazi, upande wa rafu za namba 600, kwenye vitabu vya tiba, ufundi na kilimo. Mvua za Iringa unazijua. Asubuhi nimekuta vitabu 26 vimelowa, vingine vimevimba kama maandazi.

Mama, ndivyo tulivyomwita bosi, akafika na sweta lake la kijani. Sauti haikupanda. Aliuliza tu stoo kuna karatasi za chooni kiasi gani. Mimi nilikuwa nimeshabeba vitabu kwenda kuvianika juani kama mahindi. Akanirudisha, jua litapinda majalada. Akaanza na vile vya picha, vyenye karatasi ya kung'aa, maana zikikauka zimeshikana hazibanduki tena. Vya karatasi ya kawaida vingengoja kidogo, ila visifike siku ya pili au ya tatu, ukungu utakuwa umeingia. Vingine tukavisimamisha mezani, kurasa zimeachana, karatasi ya chooni katikati kila baada ya kurasa chache, madirisha wazi upepo upite. Ikilowa, tunatoa, tunaweka nyingine. Hakubandua ukurasa kwa kucha hata mmoja. Aliupuliza kwanza, ukiinuka wenyewe ndipo anapitisha kidole. Mtu mwenye faili zimemsubiri ofisini, anapuliza kurasa mpaka adhana ya alasiri.

Tulipoteza vitatu.

Jioni akaandika ripoti ya kupeleka juu. Nilikuwa nimeshaanza kutunga kichwani barua yangu ya kujieleza. Akanipa niisome kabla hajasaini. Natafuta jina langu, silioni. Natafuta "hakufunga dirisha", nakuta "hatukufunga dirisha". Silabi moja tu kaiongeza, mwanangu, na hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi kuliko barua yoyote ya onyo. Na usidhani alinifichia. Tulipobaki wawili aliniambia, "Lile dirisha ni wewe, na mimi najua ni wewe." Baada ya hapo hakulitaja tena, hata siku tulizokorofishana kwa mambo mengine, na tumekorofishana sana.

Nimefanya kazi chini ya wakubwa kadhaa. Kwenye sifa wote husema "tulifanya". Huyu ndiye niliyemwona anaandika "tu" penye kosa.

Kati ya vilivyopona kuna kile cha kilimo cha nyanya, namba yake rafuni 635.642. Kimenenepa, hakifungi vizuri, na kila tukichambua vya kuondoa mmoja wetu hukitupia jicho. Mama alikataa. Kuna mzee wa Ilula hukiazima kila anapoandaa kitalu, na kikirudi kinanuka moshi wa jikoni kwake. Alisema siku mzee akikikosa, tutamweleza sisi.

Ijumaa, baada ya keki na vitenge, wageni wameondoka, alizunguka ukumbi kufunga madirisha kama kawaida yake. Nikamfuata nyuma nimebeba zawadi zake. Alipofika upande wa 600 akapita bila kuligusa lile moja. Akasimama mlangoni, ananisubiri, anacheka.

Mama yako anakusalimu. Anauliza kama gunia la viazi limefika, na kama limefika mbona hujasema.

Baba yako