Binti anataka kusomea farasi: mwacheni aende, lakini jueni mnalipia nini

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: binti aliyemaliza kidato cha nne anataka kwenda chuoni kusomea utunzaji na upandaji wa farasi. Atafundishwa nini, na kuna kazi kwa mtu wa Zanzibar? Mimi nasema aende. Ila kupanda ni sehemu ndogo ya masomo yale. Ada inanunua jicho la kumtambua mnyama mgonjwa kabla hajaanguka, na ubavu wa kumwambia mgeni wa hoteli kwamba farasi huyu leo hatoki.

Kazi iliyopo kwetu ni ya ufukweni, kuwapandisha watalii huko Nungwi, Kendwa na Paje, na ufukwe una balaa lake: mchanga. Farasi anayelishwa chini humeza mchanga pamoja na majani. Unatua kwenye utumbo mpana, unakwaruza, unaziba, na matokeo yake ni msokoto wa tumbo. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia lazima kipite njia nzima. Kipimo chake hakina gharama. Okota mavi mapya, mabonge matano au sita ya juu ambayo hayakugusa ardhi, yatie katika chupa ya mdomo mpana inayoonyesha ndani, jaza maji, koroga, acha dakika 20. Mchanga utakaa chini. Usipouona usijiaminishe, maana unaweza kuwa umelala tumboni bila kutoka. Kinga yake ni kumlisha kwenye hori lenye mkeka wa mpira chini yake, na kutomfungulia uwanjani akiwa na njaa.

Mwanafunzi anayestahili cheti anajua hesabu za mwili kwa kichwa: joto nyuzi 37.5 hadi 38.5, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, vyote mnyama akiwa ametulia. Farasi anayeparapara chini, anayegeuka kutazama ubavu wake, hanyi, na mapigo yamepita 60, huyo ni wa daktari sasa hivi. Ondoa chakula na usimnyweshe dawa kwa nguvu, isije ikaingia mapafuni.

Kwenye chakula ndipo mabanda mengi yanapoharibu. Farasi wa kilo 400 anahitaji kiasi cha kilo 8 za majani makavu kwa siku, yaani asilimia 2 ya uzito wake. Akila mabichi, uzito wa majani unazidi sana kwa sababu mengi ni maji. Nafaka ni nyongeza tu. Tumbo lake ni dogo, usimpe zaidi ya kilo moja na nusu ya nafaka kwa mlo mmoja. Pumba ni rahisi kupata na farasi anazipenda, lakini zina madini ya fosforasi mengi na kalisi (kalsiamu) kidogo. Akizitegemea kwa miezi, mwili unachota kalisi kwenye mifupa: uso unavimba, anachechemea, na watu wanatafuta mwiba mguuni. Chakula cha kuku ndiyo hatari kubwa kabisa. Baadhi yake hutiwa monensini, dawa ya kuhara damu kwa vifaranga, na kiasi kidogo tu cha dawa hiyo kinaharibu moyo wa farasi hadi akafa. Magunia yasikae chumba kimoja. Na kila badiliko la chakula lichukue siku 10 hadi 14.

Mizani ya farasi haipo mitaani, lakini utepe wa fundi cherahani unatosha. Pima kwa sentimita mzunguko wa kifua nyuma ya viwiko, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Mzunguko uzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa urefu, gawa kwa 11,880. Kifua 170 na urefu 150 vinatoa kama kilo 365. Mzigo usizidi asilimia 20, yaani kilo 73, na tandiko la kilo 8 limo humo. Anabaki mpandaji wa kilo 65. Mgeni wa kilo 95 apewe farasi mkubwa zaidi au arudishiwe pesa zake.

Ratiba nayo ifuate bahari. Mchanga mkavu ulio tifutifu unavuta kano za miguu ya mbele. Mchanga uliolowa na kushikana ndio wa kukimbilia, na unapatikana maji yakiwa yametoka. Siku za bamvua yanatoka mbali sana, nafasi ni kubwa, ila miamba na matumbawe nayo yanajitokeza. Baada ya kazi, osha chumvi yote kwa maji baridi ya kisima, hasa chini ya mkanda wa tumbo, la sivyo anachubuka.

Mbung'o walitokomezwa Unguja mwaka 1997, kwa hiyo nagana, ugonjwa wanaoueneza, si hofu yetu. Usubi upo, na ndio unaoeneza homa ya farasi ya Afrika, inayoua haraka. Chanjo ipo. Waingizwe bandani kabla ya magharibi, watoke jua likishachomoza.

Kuhusu chuo: mafunzo ya mifugo ya Kizimbani, au bara kwenye vyuo vya LITA (wakala wa mafunzo ya mifugo) na SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, uzito wake ni ng'ombe, mbuzi na kuku, lakini ni msingi mzuri na nafuu. Mitihani ya farasi yenyewe inayojulikana sana ni ya British Horse Society, chama cha farasi cha Uingereza, ngazi 1 hadi 5, na mtu anaweza kufuata upande wa utunzaji bila kupanda. Kabla ya kulipa, aulize farasi mmoja anagawanywa kwa wanafunzi wangapi, na kama kuna fundi wa kwato anayekuja mbele yao. Kwato hukatwa kila wiki 6 hadi 8. Ningekuwa mzazi ningemsukuma binti kwenye ufundi huo hasa. Uingereza mafunzo yake ni kama miaka minne. Hapa punda wote wa magari wana kwato, na wengi hawakatwi mpaka zimepinda.

Kuhusu vazi, ambalo wazazi wengi litawahangaisha: suruali pana inajikunja na kuchuna mapaja, avae ya kubana kiasi chini ya kanzu fupi yenye mpasuo. Mtandio uwe wa kuvuta kichwani, usio na pini wala fundo chini ya kofia ngumu. Na kofia iliyokwisha kupigwa chini kwa kuanguka haivaliwi tena, hata kama haina ufa.